Kifuniko cha Kijani

Chelangat, wewe uliyeripoti Jumatatu,
barua yako ya kazi inataja sare, saa na likizo.
Haiitaji meza iliyo nyuma ya kabati la ramani za mabomba,
basi hiyo nakuelekeza mimi.

Saa saba na robo Nambozo hufunua.
Harufu ya moshi hutangulia: malewa,
machipukizi ya mianzi kutoka Masaba juu,
yaliyokaushwa mekoni, yakalowekwa usiku kucha,
yakalazwa ndani ya karanga za kusaga.
Usiulize "hiki nini?" na pua imekunjamana.
Niliuliza mimi, mwaka wangu wa kwanza hapa Mbale.
Hakunijibu. Alinipakulia kidogo sana,
kama anayempimia mtoto dawa,
nikaila aibu yangu hadi Pasaka.

Nawa. Ndoo iko mlangoni, sabuni imefungwa kamba
kwa sababu ya watu wa ghorofa ya pili.
Usizamishe kijiko ukisaka mnofu;
kula upande unaokutazama.
Ukileta nyama, mtaje aliyechinja
kabla Hajati Zamzam hajalazimika kuuliza mbele za watu.
Na mhandisi akipita akisema "mimi nimeshiba",
mkaribishe tena.
Mara ya tatu huja mwenyewe, na kiti.

Sasa lile lisilosemwa.

Mwaka ule mshahara ulipochelewa hadi mwezi wa tatu,
Okiror wa mita alianza kula polepole,
akibaki nyuma sisi tukienda kusuuza mikono.
Nilirudi kuchukua miwani
nikamkuta anahamishia viazi na mchuzi
kwenye mfuko wa maziwa uliooshwa,
anaukaza fundo kwa meno.
Aliniona.
Ukutani palikuwa na kalenda. Niliisoma yote,
pamoja na sikukuu.

Sikumwambia mtu. Hata Nambozo sikumwambia.
Lakini mpishi huijua sufuria yake
kama mama ajuavyo kikohozi cha mwanawe gizani.
Kesho yake alikuja na hotipoti mbili,
akalalamika kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa:
"Jamani, mkono wangu umezoea kupikia matanga!
Nani ataniondolea mzigo huu? Boda wa jioni ataumwaga.
Okiror, wewe una baiskeli yenye kikapu, nisitiri."
Akaiweka ile yenye kifuniko cha kijani
juu ya daftari lake la mita,
akaenda zake kugombana na printa.

Nisitiri, alisema. Yeye ndiye aliyeomba.

Ilikwenda ikarudi, majuma saba.
Na haikurudi tupu hata siku moja.
Mara ya kwanza mlikuwa na pilipili tatu.
Siku nyingine, mbegu za maboga.
Siku nyingine jani bichi la mlimau, moja tu,
limelazwa katikati ya chombo kilichosuguliwa kikang'aa.
Nambozo alifunua, akanusa,
akasema, "Heee, leo chai yetu imepata mwenyewe."
Tukainywa sote,
hata mimi ambaye limau hunichoma kiungulia.

Mshahara ulipotoka Okiror alileta kuku,
akamtaja aliyechinja.
Tulikula mpaka mhandisi akalegeza mkanda.
Hakuna aliyeuliza sherehe ni ya nini.

Basi. Wiki hii usilete kitu, bado u mgeni.
Wiki ijayo leta chochote, hata mahindi ya kwenu Kapchorwa,
na vikibaki usihesabu vilivyobaki,
na vikiisha usitangaze kuwa hukuonja.

Na siku utakapoikuta ile ya kijani mezani kwako,
siku ambayo hukumwambia yeyote lolote,
usitafute ni nani aliyekusema.
Chukua, nenda nayo.
Ukishaiosha, zunguka nyumbani kwako taratibu
uangalie ni kitu gani, hata kiwe kidogo namna gani,
kinaweza kukaa ndani.